Ukoo wa Corte-Real na Bahari ya Barafu

Mwaka 1570, mjini Antwerp, mchora ramani Abraham Ortelius alichapisha atlasi iliyompa sifa Ulaya nzima. Katika ramani ya dunia aliyoitanguliza mbele ya nyingine zote, kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya Amerika, aliandika maneno mawili ya Kilatini: Terra Corterealis, nchi ya Corte-Real. Msomaji wa wakati ule angeweza kudhani kwamba huko kuna ufalme, au kabila, au walau mji wenye jina hilo. Hapakuwa na lolote kati ya hayo. Corte-Real lilikuwa jina la ukoo mmoja wa Kireno, nalo lilifika kwenye ramani kwa sababu ndugu wawili wa ukoo huo walielekea upande ule wa bahari, mmoja mwaka 1501 na mwingine mwaka 1502, wasirudi tena.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunapowataja Wareno wa zama zile tunataja majina mengine: da Gama, Cabral, Almeida. Hao walifika, na mizinga yao ilisikika. Ndugu hawa wa Corte-Real hawakutia nanga Kilwa wala Malindi. Hata hivyo habari zao zinatugusa kuliko tunavyodhani, kwa kuwa zilitukia katika miaka ileile, chini ya mfalme yuleyule, na zikachorwa juu ya ngozi ileile iliyochorwa pwani yetu. Inafaa zisimuliwe taratibu, tangu mzizi wa ukoo.

Ukoo huo ulitoka Tavira, mji wa bandari katika Algarve, kusini kabisa mwa Ureno, na jina lake la awali lilikuwa da Costa. Masimulizi yanasema kwamba mkuu mmoja wa ukoo, Vasco Anes da Costa, alikuwa tajiri na mkarimu, akiwapokea wageni kwa fahari kubwa, hata mfalme akatamka kwamba baraza lake linafanana na baraza la kifalme pale tu Vasco Anes anapokuwapo. Kutoka hapo watoto wake wakaitwa Corte-Real, maana yake baraza la kifalme. Koo nyingi za kikabaila zina hadithi ya namna hiyo, nami siipi uzito mkubwa. Jambo zito ni kwamba kufikia katikati ya karne ya 15 watu hawa walikuwa karibu sana na watawala, na ukaribu huo ndio uliowapatia kisiwa.

Visiwa vya Azori viko katikati ya Atlantiki, kilomita zipatazo 1,500 magharibi mwa Lisbon. Wareno walipoanza kuhamia huko katika karne ya 15 hawakukuta watu. Ili visiwa vikaliwe, watawala wa Ureno walivigawa kwa watu walioitwa makapteni. Kapteni alipewa eneo la kurithisha watoto wake. Yeye ndiye aliyegawa mashamba na kuamua kesi, akamiliki vinu vya kusagia na tanuri za mikate, akauza chumvi peke yake, na akapata fungu katika zaka iliyotozwa. Kwa maneno mengine, aliyepewa ukapteni alipewa nchi, na jina la ukoo wake likawa hati ya kuimiliki. Bila kuuelewa utaratibu huu hatuwezi kuelewa ni kitu gani kiliwafanya wana wa Corte-Real waifuate barafu hadi wakapotea.

Kapteni wa kwanza wa kisiwa cha Terceira alikuwa Mflandria aliyeitwa Jácome de Bruges, aliyepewa hati mwaka 1450. Baadaye akatoweka. Mwaka 1474 Beatriz, bibi mkubwa wa nyumba ya kifalme aliyevisimamia visiwa hivyo kwa niaba ya mwanawe mdogo, alikigawa kisiwa sehemu mbili. Upande wa Praia alimpa Álvaro Martins Homem, na upande wa Angra akampa João Vaz Corte-Real. Mwaka 1483 João Vaz aliongezewa na kisiwa cha São Jorge.

Angra ilikuwa na ghuba nzuri, na thamani yake ilitoka kwenye upepo. Baharia wa pwani yetu husubiri kusi limpeleke kaskazini na kaskazi limrudishe kusini, maana upepo wa Bahari ya Hindi hugeuka na msimu. Upepo wa Atlantiki haugeuki hivyo. Katika latitudo za chini huvuma mwaka mzima kuelekea kusini-magharibi, kwa hiyo chombo kilichotoka Ureno kilishuka kwa raha hadi Guinea, lakini hakikuweza kurudi kwa njia hiyohiyo. Nahodha alilazimika kujitosa mbali kaskazini-magharibi, katikati ya maji matupu, hadi akutane na upepo unaovuma kutoka magharibi, kisha aufuate kurudi nyumbani. Upepo huo wa kurudi hukutwa kwenye latitudo za Azori. Ndiyo maana vyombo vilivyotoka Guinea, na baadaye vilivyotoka India, vilipita Angra kuchukua maji, chakula na kuwashusha wagonjwa.

Mgonjwa mmoja aliyeshushwa hapo mwaka 1499 alikuwa Paulo da Gama, kaka yake Vasco. Mwaka uliotangulia Paulo alikuwa nasi Malindi, akiwa nahodha wa São Rafael. Wakati wa kurudi aliugua. Vasco akaiacha merikebu yake Cabo Verde chini ya mtu mwingine, akakodi chombo chepesi na kumkimbiza nduguye Azori. Paulo alifia Terceira, akazikwa Angra, katika nyumba ya watawa wa Fransisko. João Vaz Corte-Real alikuwa amefariki mwaka 1496, na ukapteni wa Angra ulikuwa mikononi mwa mwanawe mkubwa, Vasco Anes. Kwa hiyo mtu aliyewaona Wamalindi na mfalme wao alizikwa katika ardhi ya ukoo wa Corte-Real, na habari za njia ya India zilipita kisiwani humo Vasco da Gama mwenyewe akiwa bado hajakanyaga Lisbon.

Kabla ya kuendelea na wana, kuna madai kuhusu baba yanayohitaji kuwekwa mahali pake. Mwishoni mwa karne ya 16 padri Gaspar Frutuoso, mwanahistoria wa Azori, aliandika kwamba João Vaz alikuwa amekwisha kufika katika nchi ya samaki wa bakalau, yaani upande wa Newfoundland, kabla ya kupewa Angra. Ikiwa ni kweli, Mreno aliifikia Amerika miaka karibu ishirini kabla ya Columbus. Katika miaka ya 1920 mwanazuoni wa Denmaki, Sofus Larsen, aliyaunganisha madai hayo na barua ya mwaka 1551 iliyotaja safari ya manahodha Pining na Pothorst, waliotumwa na mfalme wa Denmaki kwa ombi la mfalme wa Ureno. Ni hoja iliyojengwa kwa bidii, lakini haijanishawishi. Hati ya mwaka 1474 inamsifu João Vaz kwa utumishi wake na haitaji nchi yoyote mpya. Frutuoso naye aliandika zaidi ya miaka mia moja baadaye, katika visiwa ambako jina la ukoo huo lilikuwa kubwa. Nchi iliyogunduliwa na kapteni mpya ingekuwa sifa yake ya kwanza, na mwandishi wa hati asingeisahau.

Gaspar Corte-Real alikuwa mwana wa tatu wa João Vaz. Nafasi hiyo ilikuwa na maana yake: ukapteni wa Angra na São Jorge ulikuwa wa Vasco Anes, na Miguel, wa pili, alikuwa na cheo katika nyumba ya mfalme. Gaspar alibaki na jina zuri bila kisiwa. Tarehe 12 Mei 1500 Mfalme Manuel alimtilia saini hati iliyosema kwamba Gaspar, kwa gharama zake na kwa kuhatarisha maisha yake, alikuwa amekwisha jaribu kutafuta visiwa na nchi bara, na sasa anataka kuendelea. Chochote atakachokipata kingekuwa chake na cha wazao wake, kwa masharti yaleyale ya kapteni. Nchi ambayo hakuna Mreno aliyeiona ilikwisha kuandikwa urithi wa watoto wa Gaspar.

Mwezi huohuo, upande wa pili wa Atlantiki, msafara wa Pedro Álvares Cabral ulikuwa unavuka kuelekea Rasi ya Tumaini Jema. Ulikuwa umeondoka Lisbon mwezi Machi na merikebu 13, ukaigusa Brazili mwezi Aprili, na katika dhoruba ya mwezi Mei ukapoteza vyombo vinne, kimojawapo kikiwa na Bartolomeu Dias. Mwezi Julai mabaki yake yalitia nanga Kilwa. Kwa hiyo katika kiangazi kimoja Manuel alikuwa na watu wake mbele ya kasri la Sultani Ibrahim wa Kilwa, na pia mbele ya kuta za barafu za kaskazini, na bado alikuwa mtawala wa nchi ndogo yenye watu wasiozidi milioni moja na nusu.

Kwa nini kaskazini? Mkataba wa Tordesillas wa mwaka 1494 ulikuwa umeigawa dunia kati ya Hispania na Ureno kwa mstari uliopita legua 370 magharibi mwa visiwa vya Cabo Verde. Kila nchi iliyokuwa mashariki mwa mstari ilikuwa ya Ureno. Mwaka 1497 John Cabot, akitumwa na mfalme wa Uingereza kutoka Bristol, aliona nchi kaskazini mwa Atlantiki. Manuel alitaka kujua iko upande gani wa mstari, na kama kuna njia huko ya kuifikia Asia.

Katika safari ya mwaka 1500 Gaspar aliiona nchi ya baridi yenye miti mikubwa, na Wareno wakaipa jina la Nchi ya Kijani. Akarudi Lisbon kabla majira hayajageuka. Mwaka uliofuata, mwezi Mei, akaondoka tena na vyombo vitatu, safari hii akishika njia ya magharibi zaidi.

Tunayoyajua kuhusu safari hiyo yametoka kwa Waitalia wawili waliokuwapo Lisbon mwezi Oktoba 1501 vyombo vilipoanza kurudi. Mmoja alikuwa Pietro Pasqualigo, balozi wa Venezia. Mwingine ni Alberto Cantino, mtu wa Ercole d'Este, mtawala wa Ferrara, aliyetumwa Ureno kisingizio chake kikiwa biashara ya farasi wa asili bora. Wote wawili walikuwa macho ya mabwana zao. Venezia iliishi kwa biashara ya viungo vilivyopitia Misri, na kila merikebu ya Kireno iliyofanikiwa ilikuwa tishio kwake.

Cantino alisimulia jinsi mabaharia walivyokutana na siwa barafu kubwa zikielea, jua likiziyeyusha na maji matamu yakitiririka juu yake, hata mashua zikapelekwa kuchota maji ya kunywa katikati ya bahari ya chumvi. Mbele zaidi waliikuta bahari yenyewe imeganda, wakageuza. Hatimaye wakaona nchi kubwa yenye mito mingi mipana, wakaingia katika mmojawapo, na kando yake wakakuta misonobari mirefu kupita mlingoti wa merikebu yoyote. Watu wa nchi hiyo waliishi kwa uvuvi na uwindaji. Wareno wakawakamata kwa nguvu watu wapatao hamsini, wanaume kwa wanawake.

Pasqualigo aliandika kwamba chombo cha kwanza kilileta watu saba, wanaume, wanawake na watoto, na kwamba chombo cha pili kilichokuwa kinasubiriwa saa yoyote kilibeba wengine hamsini. Kwa hesabu yake basi walikuwa 57. Cantino aliwatazama kwa karibu, akawagusa, akawapima kwa macho kama mtu anayenunua. Aliandika kwamba ni warefu kuliko Waitalia, kwamba usemi wao haueleweki lakini hauna ukali, na kwamba hucheka sana. Pasqualigo aliona nyuso zenye alama, na nguo za ngozi za wanyama. Hawakuwa na chuma. Visu vyao vilikuwa vya mawe.

Kuna mambo mawili katika barua za Pasqualigo ambayo wanahistoria hawachoki kuyarudia. Miongoni mwa watu hao kulipatikana kipande cha upanga uliovunjika, uliopakwa dhahabu, na kazi yake ilionekana kuwa ya Italia. Na mvulana mmoja alivaa masikioni pete mbili za fedha zilizoonekana kutengenezwa Venezia. Pasqualigo aliona ni dalili kwamba nchi hiyo ni bara moja na Asia. Wataalamu wa leo wengi wanaona ni mabaki ya safari ya pili ya John Cabot, aliyekuwa mzaliwa wa Italia na raia wa Venezia, aliyeondoka Bristol mwaka 1498. Kama ndivyo, mtoto yule aliyeshushwa bandarini Lisbon alikuwa amebeba mwilini habari pekee ya wazungu waliotangulia kufika kwao, na hakuna aliyejua lugha ya kumuuliza.

Balozi aliongeza kwamba mfalme alifurahi kwa sababu mbili: nchi hiyo ingempa mbao za milingoti, na watu wake wangefaa sana kwa kazi, wawe watumwa bora. Lisbon haikushangaa. Tangu mwaka 1444, mateka 235 kutoka Afrika Magharibi waliposhushwa Lagos, katika Algarve ileile ya ukoo wa Corte-Real, Ureno ilikuwa imezoea kuona watu wakigawanywa ufukweni. Wengi wanaona kwamba mateka wa Gaspar walikuwa wa kabila la Beothuk wa Newfoundland, au watu wa pwani ya Labrador. Baada ya barua hizo za Oktoba 1501 hawasikiki tena.

Chombo cha tatu hakikuonekana. Ndani yake alikuwamo Gaspar mwenyewe. Alikuwa amewatanguliza wenzake nyumbani na mateka, akabaki ili aifuate pwani kuelekea kusini aone inakoishia.

Miguel hakusubiri sana. Yeye na Gaspar walikuwa wamepatana kugawana gharama na faida, na Januari 1502 mfalme alithibitisha kwamba sehemu ya nchi hiyo ni ya Miguel. Mwezi Mei akaondoka Lisbon kumtafuta mdogo wake. António Galvão, aliyeandika miaka kama hamsini baadaye, anasema walikuwa na vyombo vitatu. Walipofika kwenye pwani yenye mito na ghuba nyingi waligawana, kila chombo kikaingia upande wake, wakiahidiana kukutana tarehe 20 Agosti. Siku ilipofika vyombo viwili vilikuwapo. Wakangoja. Chombo cha Miguel hakikuja, nao wakarudi Ureno bila ndugu hata mmoja.

Katika majira hayohayo, Julai 1502, Vasco da Gama alikuwa mbele ya Kilwa kwa safari yake ya pili, akimtisha Sultani Ibrahim mpaka akakubali kulipa kodi ya mithkali 1,500 za dhahabu. Dhahabu hiyo ilifika Lisbon mwaka 1503, na Manuel akaamuru ifuliwe chombo cha ibada cha kuwekea ekaristi. Kilikamilika mwaka 1506, kimehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho ya sanaa za kale mjini humo. Hivyo ndivyo hesabu ya mfalme ilivyosimama mwaka 1503: kutoka kusini na mashariki ilimjia dhahabu, na kutoka kaskazini ikamjia hasara ya ndugu wawili wa nyumba kubwa.

Alikuwa amebaki mmoja. Vasco Anes, kaka mkubwa, aliandaa vyombo ili naye aende kuwatafuta wadogo zake. Mwanahistoria Damião de Góis anaeleza kwamba mfalme alikataa katakata kumpa ruhusa. Badala yake Manuel alituma vyombo viwili kwa gharama yake mwaka 1503, vikazunguka vikarudi mikono mitupu. Mimi naamini majonzi ya Vasco Anes yalikuwa ya kweli, kwani mtu mwenye ukapteni wa Angra na São Jorge na vyeo tele hakuwa na haja ya nchi ya barafu. Lakini sheria ya urithi haikulala. Mwaka 1506 haki za Gaspar na Miguel juu ya nchi ile zilithibitishwa kuwa zake, zikashuka kwa wazao wake kizazi baada ya kizazi, nchi isiyo na Mreno hata mmoja aliyeikalia.

Wavuvi hawakuhitaji hati. Katika bahari za kina kifupi mbele ya Newfoundland walikuta bakalau kwa wingi, samaki mkubwa wa maji ya baridi anayepasuliwa, kutiwa chumvi na kukaushwa. Kufikia mwaka huohuo wa 1506 mfalme alikwisha kuamuru zaka itozwe kwenye samaki waliotoka huko, katika bandari za kaskazini mwa Ureno. Hadi leo bakalau yuko katika kila nyumba ya Kireno, na hasa usiku wa Krismasi. Hiyo ndiyo faida iliyodumu.

Jina nalo liliendelea kwa njia nyingine. Margarida Corte-Real, mrithi wa ukapteni wa Azori, aliolewa na Cristóvão de Moura, yule Mreno aliyemfanyia kazi Philip wa Pili wa Hispania hadi taji la Ureno likaangukia mikononi mwake mwaka 1580. Ndoa hiyo iliupa ukoo utajiri mkubwa kuliko wote uliotangulia. Jerónimo Corte-Real, aliyefariki mwaka 1588, aliandika tenzi ndefu. Mmojawapo, uliochapishwa mwaka 1594, unasimulia kuzama kwa merikebu São João katika pwani ya Natal mwaka 1552, na jinsi Manuel de Sousa Sepúlveda, mkewe Leonor na watoto wao walivyotembea na kufa njiani katika nchi za kusini mwa Afrika. Ukoo uliopoteza watu wawili baharini ukamtoa mshairi wa majanga ya bahari, naye akaliimba janga la pwani ya Afrika badala ya lile la nyumbani kwao.

Sasa turudi kwa Cantino. Mbali na barua, alimlipa mchoraji mmoja Lisbon dukati 12 za dhahabu amchoree kwa siri ramani ya nchi zote ambazo Wareno wamezifikia, na mwaka 1502 akaipeleka Italia. Ni ngozi yenye urefu wa zaidi ya mita mbili. Mwaka 1598 ilihamishiwa Modena pamoja na mali za nyumba ya Este. Mwaka 1859 ghasia zilipozuka jumba liliporwa, ramani ikapotea, na baadaye mtu aliyeitwa Giuseppe Boni aliikuta katika duka la muuza nyama mjini humo, imetumiwa kama kizuizi cha kuwekea ukumbini. Leo imo katika maktaba ya Estense, Modena.

Upande wake wa kulia pwani yetu imechorwa kwa usahihi wa kushangaza, na majina ya Sofala, Kilwa, Mombasa na Malindi yameandikwa. Upande wa juu kushoto, kando kabisa ya mstari wa Tordesillas, kuna nchi yenye miti mirefu ya kijani, na imesogezwa ikakaa kwa Wareno. Maandishi yaliyo karibu yanaeleza kwamba Gaspar Corte-Real aliivumbua kwa amri ya mfalme, akatuma chombo kimoja chenye wanaume na wanawake wa huko, yeye akabaki na chombo kingine asirudi kamwe, na kwamba huko milingoti ni mingi. Yameandikwa ndani ya mwaka mmoja wa tukio. Sijui maandishi mengine ya zama zile yanayokusanya mambo haya yote, mfalme na mateka, mtu aliyepotea na mbao, katika pumzi moja.

Karne ya 20 ilitaka zaidi ya hayo. Katika mto Taunton, jimbo la Massachusetts, kulikuwa na jiwe la tani 40, jiwe la Dighton, lililojaa michoro. Mwaka 1918 Edmund Delabarre, profesa wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Brown, alitazama picha ya jiwe hilo akaona tarakimu 1511, kisha jina la Miguel Cortereal, na maneno ya Kilatini yaliyomfanya kiongozi wa wenyeji wa hapo. Wahamiaji wa Kireno wa Fall River na New Bedford, wengi wao wakiwa watu wa Azori waliokuwa wakidharauliwa viwandani, walilipokea jambo hilo kwa mikono miwili. Nawaelewa kabisa: mtu anayeitwa mgeni alipata babu aliyemtangulia mwenyeji wake kwa zaidi ya miaka mia. Lakini michoro hiyo ni ya watu wa asili wa eneo lile, na ushahidi wa Miguel kuikwangua haupo. Kumpa Miguel jiwe lao ni kuwanyang'anya kwa mara ya pili. Mwaka 1963 jiwe liliinuliwa kutoka mtoni, na sasa limejengewa jumba.

Sanamu ya Gaspar iko Kanada. Ilisimamishwa mwaka 1965 mjini St. John's, Newfoundland, mbele ya jengo la serikali ya jimbo, zawadi ya shirika la uvuvi la Ureno kwa watu waliowapokea wavuvi wake kwa vizazi vingi. Shukrani hiyo ilikuwa ya haki. Katika miaka ya karibuni, hata hivyo, wenyeji wengi wamehoji kwa nini mtu aliyekamata watu asimame hapo. Katika mji huohuo, mwaka 1829, alifariki Shanawdithit, mwanamke anayehesabiwa kuwa wa mwisho wa Beothuk waliojulikana.

Kwangu mimi jambo liko wazi. Wavuvi wa Ureno wanastahili ukumbusho bandarini, nao wangewekewa mvuvi. Gaspar Corte-Real akiendelea kusimama pale, basi miguuni pake paandikwe yale ambayo Pasqualigo na Cantino waliyaandika Oktoba 1501: watu 57, wanaume, wanawake na watoto, waliochukuliwa kwa nguvu kutoka nchi hii, mmoja wao mvulana mwenye pete mbili za fedha masikioni.